Habari za Mguu

Mume wangu amepuliza kipenga uwanjani karibu maisha yake yote ya utu uzima, na maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko jina langu ni haya: "Inuka, huna kitu." Mchezaji ameanguka, ameshika goti, anagaagaa na kumwita mama yake, yeye anamsimamia juu ya kichwa, mikono kiunoni. "Inuka, huna kitu." Wengi kweli hawakuwa na kitu. Mmoja alikuwa amevunjika mfupa wa muundi, na hata huyo alijaribu kuinuka kwanza. Mtaa mzima unamwita Refa, na mimi mkewe nikalidaka jina hilo hilo, lile lingine likabaki kwenye kitambulisho.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ndiyo sebule yetu: kioo kirefu ukutani, viti viwili vya wateja, na kochi pembeni analokalia Refa kusoma gazeti la michezo na kusikiliza umbea ambao anajifanya hausikii. Kazi yangu ni kuvuta nywele za watu huku nikiwaambia tulia, haiumi. Nayasema haya mapema ili ujue binti yetu alilelewa nyumba ya namna gani. Baba anawaambia watu hawana kitu, mama anawaambia haiumi. Mtoto wa nyumba hiyo angejifunzia wapi kuuliza?

Refa alipoteza mguu wa kushoto akitoka kuchezesha mechi. Pikipiki aliyopakiwa iligongwa na gari la mchanga. Walimkata chini ya goti, na daktari wa upasuaji alituita mimi na yeye akatueleza bila kuzunguka. "Hilo goti lishikeni kwa mikono miwili. Mwenye goti anatembea, asiye na goti anaanza upya. Lakini ngozi ya hapa chini ni nyembamba. Ikichimbika, uchafu ukafika kwenye mfupa, tutakata tena, na safari hiyo tutapita juu ya goti." Tangu siku ile nyumba yetu iliishi kwa ajili ya goti moja.

Mguu wa bandia wa kwanza ulikuja na kikombe kigumu cha plastiki, na humo ndimo kigutu kilimoingia. Refa hakulipenda neno kigutu. Alikiita Mfupi. "Mfupi leo kachoka," atakwambia, "Mfupi anataka kulala." Ukingo wa kikombe ulimchuna Mfupi kila alipopiga hatua, tukawa watu wa kwenda kufungwa bandeji na kurudi, kwenda na kurudi. Goti likawa hatarini kabla hata hajazoea kusimama. Hapo ndipo binti yetu alipokuja na ngisi.

Binti yetu anafanya kazi kwenye maabara ya chuo, wanakotengeneza vifaa vya hospitali kwa kuwaiga wanyama. Mtaani wanamwita Dokta, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano na damu humtia kizunguzungu. Jioni hiyo aliingia na mfuko unaodondosha maji, akamtupa ngisi kwenye sinki langu, akamchokonoa katikati ya ile mikono yake na kumtoa kitu cheusi kilichopinda, kama mdomo wa kasuku. Mimi na umri wangu nilikuwa nadhani ngisi ana mikono na wino tu.

"Baba, shika ncha yake."

"Inachoma hii!"

"Sasa fumba macho, shuka taratibu na kidole. Uniambie ugumu unaishia wapi."

Refa akafumba macho kweli. Kidole kikashuka kutoka kwenye ile ncha, kikafika nyuma kabisa ambako palikuwa pamelegea kama ncha ya sikio. Akarudi juu, akashuka tena, uso umekunjamana kama anatafuta mchezaji aliyeotea.

"Hauishii," akasema. "Unapotea tu njiani."

"Ehee! Ngisi hana hata mfupa mmoja, baba. Mwili wote uteute. Angekuwa na kitu kigumu hivi kimeshikizwa ghafla kwenye nyama laini, kila akimng'ata samaki angejichana mwenyewe. Ndivyo kikombe chako kinavyokufanya. Kigumu, halafu laini, papo hapo. Lazima papasuke. Mdomo wake yeye unaanza mgumu kama jino, unamalizika laini kama nyama iliyoushika, na katikati hakuna mstari."

"Hakuna mstari," Refa akarudia. "Sasa refa atajuaje nani kaotea?"

Tulicheka wote watatu pale jikoni. Ngisi mwenyewe tukamla.

Pete aliyoitengeneza baadaye haikuwa na chembe ya ngisi ndani yake. Alichomwibia ni ujanja tu. Aliiunda kwa unga wa maganda ya kamba wa baharini na protini waliyoiotesha kwenye chupa kwa msaada wa bakteria. Ilikaa kwenye ukingo wa kikombe. Nje ilikuwa ngumu, imeshikana na plastiki, na kadiri ilivyoelekea kwenye ngozi ililegea mpaka hukujua wapi pete inaishia na Refa anaanzia. Ila ilikuwa na sharti lake. Ngisi anaishi majini, na ule upande laini wa mdomo wake ni laini kwa sababu umeshiba maji. Pete nayo ilitakiwa ilowekwe kila asubuhi, pamoja na sponji nyembamba iliyozungushiwa. "Ikikauka, yote inakuwa kama kucha," binti yetu alimwambia baba yake, na mimi nikiwapo. Hata ule mdomo wa ngisi aliousahau dirishani mwangu ulikauka juani ukawa mgumu wote, mbele na nyuma. Niliuona, nikautupa na maganda ya vitunguu.

Nyumbani pete tuliiita Ngisi. "Refa, umeshamnywesha Ngisi?" Na Refa alimnywesha. Kidonda kikafunga. Akaanza kutoka, kwanza mpaka getini, kisha mpaka kibandani kununua gazeti lake mwenyewe badala ya kuletewa kama mgonjwa. Binti yetu akawa anaingia nyumbani anaimba. Profesa, bosi wake, alikuwa ameshazungumza na hospitali: siku ya wageni kuja kuiona pete ikienda vizuri, watu wengine waliokatwa miguu wangevalishwa pete hizo.

Halafu ikaja fainali ya vijana.

Walimwalika Refa akae viti vya mbele, mimi na binti yetu pembeni yake. Alivaa suruali ya kaki, akaipiga pasi mwenyewe, na kipenga chake cha zamani akakitia mfukoni ijapokuwa hakuna aliyemwomba apulize. Alikaa ameuegemeza mguu juu ya kiti kingine, kama alivyoagizwa hospitali. Mapumziko yalipofika wakamwomba asimame awasalimie wachezaji. Akasimama. Sponji ilikuwa imekamuliwa na uzito na joto, na kwa vile mguu ulikuwa juu, maji yote yalikuwa yamerudi pajani. Suruali ya kaki ilikuwa imelowa kutoka kwenye goti mpaka pale unapopafikiria.

Kulikuwa na mshika kibendera wake wa siku zote, rafiki yake wa kufa na kuzikana, tunamwita Kibendera. Mdomo wake hauna breki. "Refa!" akapaza sauti. "Mvua imenyesha kwenye kiti chako peke yake?"

Watu wakaangua kicheko. Na binti yetu akacheka, mkono mdomoni. Kibendera amemchekesha tangu akiwa hana meno. Kicheko kilimtoka kama chafya, kikaisha. Mimi sikucheka. Mimi nilifanya kibaya zaidi. Nilivua sweta langu jekundu lenye shanga kifuani, nikamfunga Refa kiunoni pale pale mbele ya timu mbili. Vijana wakatazama viatu vyao. Mume wangu akawasalimia mmoja mmoja mpaka wa mwisho, shanga zinameta kwenye makalio yake.

Tangu siku ile Ngisi hakunywa tena.

Refa alimfuta kwa taulo, akamweka dirishani juani, akampaka poda. Nilimwambia, "Dokta amesema ilowekwe." Akanijibu, "Dokta ana miguu yake miwili." Nikarudi kwenye nywele za mteja. Suruali zikawa kavu, naye akaanza tena kutoka nje, kibandani, mpaka uwanjani. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilimwona anatembea wima, nikajiambia wataalamu wakati mwingine huzidisha masharti.

Sasa kila asubuhi binti yetu alipita nyumbani kabla ya kazi. Anaingia sebuleni, begi begani, gari la chuo linamngoja nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mguu?"

"Nzuri."

Anagusa simu yake, anaandika, ananibusu shavuni, huyo anaenda zake.

Hebu niambie, nani katika lugha yetu anaulizwa habari akajibu mbaya? Hata msibani utaulizwa habari na utajibu nzuri, maiti iko chumba cha pili. Kisha utavuta pumzi, utasema "ila." Habari yenyewe imo kwenye ila. Anayeijua kazi ya kuuliza anangoja, anatazama pembeni, anakohoa kidogo, mpaka ila itoke. Binti yangu aliyesoma mpaka akamjua ngisi kuliko ngisi anavyojijua aliuliza kama Mswahili na kuandika kama mashine. Nzuri ikawa nzuri. Na Refa kila asubuhi alibaki amefungua mdomo kidogo, anautazama mlango uliofungwa. Nilimwona kwenye kioo. Nikaendelea kuchana nywele za mtu.

Kisha nikakuta damu kwenye soksi ya Mfupi.

"Nimejikwaruza," akasema Refa.

"Haiumi?"

"Haiumi."

Fundi wa kusema huna kitu na fundi wa kusema haiumi, tumekutana. Nikaifua soksi kwa maji baridi, nikaianika ndani ili majirani wasiione. Soksi zikaongezeka. Siku moja nikasikia harufu, nikamwambia leo namwambia mtoto, liwalo na liwe. Refa akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Utamwambia nini? Kwamba baba yake ndiye aliyemharibia kazi? Wageni wanakuja wiki hii. Acha wapite. Wakishapita nitailoweka."

"Na goti?"

"Goti lipo."

Nilipaswa kupiga kelele. Nilimtafutia soksi safi.

Siku ya wageni tulifika maabara mapema. Tuliketishwa kwenye benchi la ukumbini, na pembeni yetu alikuwa mwanamke mwenye magongo, kijana bado, mwalimu wa chekechea. Yeye ndiye aliyepangiwa kuvalishwa pete inayofuata. Alipojua Refa ni nani, alisogea mpaka magongo yakamgonga.

"Mzee wangu, niambie mimi, usiniambie wao. Watoto wangu wanakaa sakafuni. Nami lazima nikae nao chini, niinuke, nikae, niinuke. Kikombe cha zamani kilinichana nikakaa nyumbani muhula mzima. Hiki hakiumi?"

"Hakiumi, mwalimu," Refa akasema. "Ni kama umevaa soksi tu."

Akashukuru, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alipouachia, nilimwona Refa anaufuta kwenye suruali kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Chumbani kulikuwa na madaktari wa hospitali, watu wengine wenye suti, na ngisi kwenye chupa ya dawa amewakodolea macho. Profesa, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, akaeleza habari za ule mdomo usio na mstari. Binti yangu alikuwa amevaa koti jeupe nililolipiga pasi mimi. Ukutani mashine ilimulika maandishi makubwa: *Mtumiaji hana malalamiko yoyote.* Mwalimu aliyaona, akatabasamu.

Refa akatembea. Aliingia vile alivyokuwa akiingia uwanjani, kidevu juu, akaenda mpaka dirishani na kurudi, na mtu mmoja akapiga makofi. Ni mimi tu niliyejua kwamba akitabasamu kwa meno ya chini amebana kitu.

"Baba, waambie wageni," binti yangu akasema, sauti imejaa fahari. "Habari za mguu?"

"Nzuri."

Akageukia ukuta kuendelea. Wageni wakageuka naye. Lakini mdomo wa Refa haukufunga. Alikuwa anamtazama mwalimu wa chekechea, na mdomo uko wazi, vile vile kama kila asubuhi, na safari hii hapakuwa na kioo wala nywele za mtu za kujifichia.

"Ila?" nikasema.

Ilitoka kwa sauti ya saluni. Chumba kizima kikanigeukia.

"Mama," binti yangu akasema huku akijitahidi kutabasamu, "ngoja kidogo, tutakupa nafasi."

Uso uliniwaka moto. Miguu yangu ilitaka kunitoa nje. Niliona koti langu la kushonwa nyumbani, viatu vyangu vyenye mafuta ya nywele, wale watu wenye kalamu.

"Ila nini, Refa?"

"Ila panauma," akasema.

"Tangu lini?" akauliza Profesa.

"Tangu zamani."

Akaletewa kiti. Binti yangu akapiga magoti, akakunja suruali ya baba yake, akamtoa Mfupi kwenye kikombe. Harufu ikajaa chumba. Mmoja wa wenye suti akarudi nyuma, akajifanya anatafuta simu yake. Kidonda kilikuwa kimezunguka kama mdomo wa kikombe ulivyozunguka, kimechimbika, chekundu, na upande mmoja cheupe. Binti yangu ambaye damu humtia kizunguzungu hakuanguka. Aliigonga pete kwa ukucha. Ikalia *ti, ti,* kama sahani.

"Imekauka," akasema. "Baba, umeikausha?"

Refa akaanza kuikunjua suruali.

"Mzee," Profesa akauliza, "ulielezwa kwamba iwe na maji?"

"Nilielezwa."

"Sasa kwa nini?"

Mume wangu huyu aliwahi kumpa kadi nyekundu mtoto wa mwenye timu, mashabiki wameshika mawe, na hakupepesa jicho. Sasa alitazama dari.

"Inalowesha suruali," akasema. "Nilionekana nimejikojolea. Mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani angependa wangecheka. Nilitamani kumfunika tena, na nilishukuru kwamba sikuwa nimevaa sweta.

"Hata mimi ningeikausha," sauti ya mwalimu ikatoka nyuma. "Siku ya kwanza tu. Mnawajua watoto wa chekechea nyinyi? Wangeniimbia mpaka likizo."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Katika jengo hili tumepima kila kitu," akasema, "hakuna aliyepima suruali." Akazima mashine iliyokuwa inamulika ukuta, ingawa maandishi yale kila mmoja alikuwa ameshayasoma. Binti yangu hakuinua uso. Alikuwa bado amepiga magoti, ameshika ile pete, na shingo yake nyuma, pale ninapozijua nywele zake ndogo ndogo zisizokubali kusukwa, ilikuwa imelowa jasho.

Refa alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari wa upasuaji alimtazama, akanitazama mimi, na macho yake yalinigomba kuliko mdomo. "Goti nitalipigania," akasema, "ahadi sitoi." Walimsafisha, wakamsafisha tena. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikiwasikiliza wauguzi, na kila kitanda cha magurudumu kilichopita nilidhani ni goti la mume wangu linapelekwa. Nilimlaani Kibendera, nikamlaani Profesa, nikamlaani hata ngisi. Kisha walaaniwa wakaniishia, nikabaki na zile soksi nilizozianika ndani.

Binti yetu alikuwa anakuja hospitali baba yake akiwa amelala. Anasimama mlangoni, ananiuliza mimi, anaondoka kabla hajaamka. Nilimwambia baba yako ameuliza uko wapi. Akasema ana kazi nyingi. Nilijua si kazi. Alimwonea haya baba yake, na baba yake alimwonea haya yeye, nami nilikuwa katikati nabeba chakula.

Mfupa haukuwa umefikiwa. Goti likabaki. Refa akarudi nyumbani bila mguu, amekatazwa kuvaa chochote mpaka ngozi ikomae, akarudi kwenye kochi lake na gazeti lake. Kibendera alikuja na machungwa, akakaa pembeni ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. Akaosha vyombo, akaenda zake. Huko maabara nilisikia wanaitengeneza pete upya, iwe na ngozi ya juu inayozuia maji yasitoke, na kwamba mwalimu wa chekechea huwa anakwenda na mfuko mzima wa suruali na sketi, anavaa pete mpya, anakaa, anasimama, anawageuzia mgongo maprofesa, anawaambia, "Tazameni vizuri, msione haya."

Asubuhi moja binti yetu aliingia. Nilikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Hakuwa na begi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akasita. Nilidhani atamrukia moja kwa moja kwenye kidonda, amuulize kama muuguzi, amfungue bandeji. Lakini atauliza vipi? Lugha ni hii hii.

"Habari za mguu?"

"Nzuri," akasema Refa, na akafungua gazeti.

Binti yangu akavuta kiti cha pili cha wateja, akakaa. Nje gari la chuo likapiga honi. Hakugeuka. Likapiga tena. Mteja wangu akaacha kutafuna jojo. Mimi nikashika rasta moja hewani, sijui niimalize au niiachie. Refa alisoma ukurasa ule ule, akakohoa, akatazama televisheni iliyozimwa. Mtoto alingoja mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yao wote wawili.

"Ila," Refa akasema.

"Naam, baba."

Gazeti likashuka. "Ila siku ile uwanjani ulicheka."

Niliuona uso wa mwanangu unakwenda kutafuta. Mwanzo haukujua unatafuta nini. Kilikuwa kicheko cha sekunde, kimeshapita na mamia ya vicheko vingine. Kisha ukakipata. Nilitaka kusema ni Kibendera yule, nilitaka kusema hakukusudia, maneno yakajipanga tayari mdomoni, laini, yale yale ya kila siku ya haiumi. Nikayameza.

"Nilicheka, baba," akasema.

Akateleza kutoka kitini akakaa sakafuni, juu ya nywele za watu nilizokuwa sijazifagia, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kochi, karibu na Mfupi na bandeji yake. Mabega yakaanza kwenda juu na chini bila sauti.

Nikamtazama Refa. Nilijua linalokuja, nimelisikia miaka yote, kwa vijana waliovunjika na kwa walioigiza, kwa mtoto huyu huyu akianguka na baiskeli. Nikaona midomo inalianza, *inu*, na nikafumba macho nisilisikie.

Halikuja. Nilipofumbua, mkono wa mume wangu ulikuwa kwenye kichwa cha binti yake.

"Panauma?" akamuuliza.

"Panauma, baba."

"Haya," akasema Refa, akamsogeza Mfupi kidogo ili apate nafasi ya kulaza kichwa.